Mwaka Tulipowaosha Miguu Wavuna Chumvi

Mwezi uliopita wazee wenzangu walikutana Kasese, katika ukumbi wa hoteli moja yenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe kama maharusi, kusherehekea chama chetu cha shule. Nilikwenda. Nilijua nitakachokikuta, na nilikikuta: fulana za njano zenye picha ya beseni kifuani, zilizotubana matumbo sote, sala ndefu ya kufungua, sala ndefu ya kufunga, na katikati yake kuku mgumu. Nikodemu, aliyekuwa mwenyekiti wetu tukiwa vijana na ambaye tangu wakati huo hajaacha kuwa mwenyekiti wa kitu fulani, alisimama akatukumbusha jinsi tulivyojinyenyekeza. Alilitamka neno hilo mara nyingi, na kila mara alijishika kifua. Kisha wakatuonyesha ukutani picha moja ya zamani: kijana mwembamba amepiga magoti, ameshika mguu wa mzee, na nyuma yao mzungu mwenye kofia anatabasamu. Watu walipiga makofi. Kijana yule ni mimi. Nikaombwa niseme machache juu ya maisha yangu ya kiroho. Nikasema asante, nikaketi, nikamalizia kuku. Nilirudi nyumbani nimejikasirikia, maana katika ukumbi ule ni mimi na Nikodemu tu tuliojua ni nini kilichouharibu mguu ule baadaye, na Nikodemu ameshajisahaulisha.

Habari za ukoo wangu naziruka. Baba alichimba shaba milimani, na hilo linatosha. Nani alimzaa nani halina msaada hapa. Mwaka ninaousema ni ule uliofuata kufika kwa reli Kasese, ambapo kila mtu wa pande zile alijiona ghafla yuko karibu na dunia. Mimi nilikuwa bwenini, katika shule moja ya wavulana si mbali na Bwera, darasa la mwisho, na nilikuwa na jambo moja tu kichwani: nafasi katika chuo cha ualimu. Si kwamba nilipenda kufundisha. Nilikuwa nimewaona wanaume wakitoka mgodini jioni, nikaapa kwamba mimi sitaingia chini ya ardhi nikiwa hai. Nafasi zilikuwa chache, na chuo kilitaka barua ya kuthibitisha tabia njema. Pale shuleni barua hiyo iliandikwa na mtu mmoja, Mwalimu Erisa, naye aliwaandikia wanachama wa chama chake, wengine aliwaombea tu. Basi nikaingia chamani. Nikodemu alituambia pale ukumbini kwamba sote tulisikia wito. Mimi nilisikia habari za barua, na habari za chai yenye sukari ambayo wanachama walipewa kila Jumamosi asubuhi.

Jina kamili la chama lilikuwa refu mno, hata sisi wenyewe tulilikosea. Shule nzima ilikiita Beseni. Mwalimu Erisa, mtu mfupi, msafi, aliyetembea na leso mbili, moja ya kufutia jasho na moja ya kuonyesha, alikuwa ameisoma Injili akafika pale Bwana anapowaosha wanafunzi wake miguu, na kwa jinsi nionavyo hakuendelea mbele zaidi. Aliamua kwamba wanafunzi wake nao wataosha miguu. Tatizo lilikuwa ya nani. Wazee wa Bwera walikataa. Mmoja alisema wazi kwamba ana binti na ana mikono. Wanyarwanda wa mashamba ya pamba walitoroka. Ndipo mtu akataja wavuna chumvi wa ziwa la Kabatoro, ambao miguu yao ilijulikana kote kwa ubaya wake, na Mwalimu Erisa akafurahi, akasema Mungu ametuwekea miguu. Nakumbuka alivyosema hivyo, na nakumbuka kwamba hakuna aliyecheka, hata mimi, ambaye ndani nilikuwa nacheka tangu Januari.

Tulikutana kila Jumatano baada ya chakula cha jioni, katika stoo iliyokuwa nyuma ya bwalo. Chumba kile nakikumbuka kuliko madarasa yote niliyoyapitia: magunia ya maharage upande mmoja, debe la mafuta ya taa, dirisha lililozibwa kwa bati, na mabeseni yetu ya enameli yamepangwa juu ya rafu, safi kuliko sufuria tulizopikiwa. Posho, ugali wetu wa kila jioni, ilikuwa bado kooni. Tuliketi juu ya magunia, tukisikia maharage yakisogea chini yetu, na Nikodemu akasoma ripoti. Alitangaza idadi ya miguu tuliyoiosha, si idadi ya watu, kwa kuwa miguu ni mingi zaidi. Baada ya hapo tuliingia katika mambo mazito. Mwezi mzima tulibishana kama beseni la kwenye beji lionyeshe maji au liwe kavu. Wa maji walishinda. Wiki nyingine tulibishana kama tuimbe kabla ya kuosha au baada, na kijana mmoja alilia machozi kwa ajili ya kabla. Leo nikiwaona wajukuu zangu wakigombana juu ya mambo ya simu zao nasema heri wao, angalau hawamtaji Mungu.

Kanuni kuu ya chama ilikuwa kimya. Mwoshaji asiongee na mwoshwaji, na mwoshwaji asiongee na mwoshaji, tangu mguu unapoingia majini hadi unapofutwa. Mwalimu Erisa alieleza kwamba katika kimya hicho moyo husikia sauti ya Mungu, na aliyeivunja kanuni alitolewa chamani bila maswali. Wawili walitolewa muhula wa kwanza. Mmoja kwa kumuuliza mvuna chumvi kama maji si ya moto mno. Nimefikiri sana juu ya kanuni ile uzeeni mwangu. Tulikuwa watu tuliosafiri mbali kwenda kuwahudumia wenzetu, na sharti letu la kwanza likawa kwamba wasituambie kitu.

Aliyetubeba alikuwa Mzee Abdala, mfanyabiashara Mwislamu wa Bwera, mwenye lori lililochukua chumvi kutoka Kabatoro na kuipeleka hadi mpakani. Jumamosi lori lilikwenda tupu, kwa hiyo alitupakia bila nauli, sisi na mabeseni yetu na mapipa mawili ya maji matamu. Tulishuka kupitia Munkunyu tukaingia nyika, ambako tembo walitupisha au sisi tuliwapisha, na vumbi likatupaka unga sote. Njiani tuliimba. Abdala alivumilia nyimbo zile kwa subira ya mtu mzima. Siku moja tu, tulipokuwa tunapakua mapipa, nilimsikia akimwambia mnunuzi mmoja wa chumvi, bila kupunguza sauti, "Mimi naosha miguu yangu mara tano kila siku, na mpaka leo hakuna mtu alinipiga picha." Wakacheka wote wawili. Mimi nilijifanya sikusikia, lakini nilitamani kukaa upande wao.

Ziwa lile la chumvi halina samaki wala mtu anayeoga. Liko chini, ndani ya shimo la kilima, na harufu yake ya mayai viza hukupokea kabla hujaliona. Wanaume huingia hadi kiunoni, huvunja chumvi ya chini kwa mtaimbo na kuipakia kwenye chelezo. Wanawake, na baadhi ya wanaume, hufanya kazi pia kwenye vijaruba vya kandokando, vidimbwi vya kukaushia chumvi, kila kijaruba na mwenyewe. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi humjui kwa uso, unamjua kwa miguu: ngozi imekuwa ngumu, imepasuka visiginoni, na mahali pengine imefunguka kabisa na haifungi. Tuliwaketisha kwenye mabenchi chini ya banda la kupimia chumvi, tukachemsha maji, tukapiga magoti. Wanawake wa Kabatoro walisimama pembeni na madebe yao wakitazama. Kijiji kile hakikuwa na maji ya kunywa ya kutosha, na sisi tulikuwa tumekuja na mapipa mawili kuyamwaga chini. Nikodemu alidhani wanatazama kwa kuguswa moyo.

Sasa lazima niseme jambo ambalo lingenifurahisha kulikejeli, na siwezi. Jumamosi ya tatu au ya nne nilipewa mzee mmoja mrefu, Mkonzo kwa kabila, jina lake Masereka. Niliushika mguu wake wa kulia, nikaushusha majini, na kwa sababu ya ile kanuni ya kijinga hakukuwa na la kufanya ila kuutazama. Nilikuwa sijawahi kumtazama mtu hivyo. Niliona mahali mtaimbo ulipoanguka zamani, niliona kucha moja isiyoota, niliona jinsi vidole vilivyojishika vyenyewe maji yalipogusa kidonda kilichokuwa juu ya kifundo. Kitu fulani kifuani kwangu kilitulia, mimi ambaye nilikuwa nimekwenda kanisani maisha yangu yote nikihesabu mbao za dari. Nilirudi bwenini nikakaa kitandani. Sikumwambia Mwalimu Erisa, maana angeniambia ni chama chake kilichofanya hivyo, na sehemu ya ukweli iliyomo humo ingenichefua. Tangu siku hiyo nilifanya hila nimpate Masereka kila Jumamosi, na hakuna aliyenizuia, kwa sababu miguu yake ilikuwa mibaya kuliko yote.

Mvua za mwezi wa nne zilikuwa zimeanza aliponiambia. Mwalimu Erisa alikuwa ameenda upande wa pili wa banda kunyoosha foleni. Masereka aliinama, nikadhani anakuna goti, akasema polepole, "Mutoto. Hii maji yenu inalainisha muguu. Jumatatu tukiingia mu ziwa, chumvi inaingia mpaka ndani. Ambia mwalimu yenu, maji hapana. Kama munataka kusaidia sisi, lete samli." Nilimtazama. Alikuwa ameshanyoosha mgongo na anatazama mbele kama wenzake. Nikaendelea kuosha, kwa kuwa mikono haikujua la kufanya zaidi, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba wengi waliokaa kwenye benchi lile walikuwa wamekunja taya. Baadaye nilijua kila kitu kwa kuwasikiliza wanawake: wavuna chumvi huiacha ngozi ikauke na kukomaa, huipaka samli ya ng'ombe wa wafugaji Wasongora kabla ya kuingia, na hawaiachi ilowe kwenye maji matamu na sabuni ila wanapoacha kazi kwa muda mrefu. Sisi tulikuwa tunawachuna kila Jumamosi, kwa nyimbo. Kwa nini walikubali? Wengine walikuja kwa kipande cha sabuni tulichowaachia, wakakiuza. Wengine waliambiwa na mkubwa wao kwamba shule itaudhika.

Jumatano iliyofuata nilikwenda stoo nimekusudia kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi, darasani na wakati wa kulima bustani. Nikodemu alisoma idadi ya miguu. Mwalimu Erisa akatangaza kwamba mgeni wa serikali atatoka Fort Portal mwezi wa saba kuja kuona kazi yetu, na kwamba mpiga picha atakuwepo, na magunia yakalia chini ya matako ya furaha. Nikanyoosha mkono. Nikauliza kama mwalimu haoni kwamba mafuta yangefaa zaidi kuliko maji kwa watu wanaokaa kwenye chumvi. Mwalimu Erisa akatoa leso ya kuonyesha, akaikunja upya. "Wewe, Wafula, umejuaje?" akauliza. Hapo ndipo penyewe. Kama ningesema nimeambiwa, ningekuwa nimekiri kwamba kimya kilivunjwa miguuni pangu, na ningetoka stoo ile bila beji na bila barua. Nikasema nimefikiri tu. "Wewe usifikiri," akasema, kwa upole kabisa. "Wewe hudumia." Na Nikodemu akaongeza kwamba Bwana hakutumia mafuta. Nilijua hata kwa elimu yangu ndogo kwamba habari za mafuta na miguu zimo humo humo kwenye Injili, kurasa si nyingi nyuma, lakini nilikaa. Nikasikia maharage yakisogea chini yangu. Nilimdharau Mwalimu Erisa usiku ule hadi usingizi uliponichukua, na dharau ilinisaidia sana, maana mtu akiwa na kazi ya kumdharau mwenzake hapati nafasi ya kujitazama.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena. Nilimwosha Masereka. Na iliyofuata. Niliosha kwa haraka, nikatumia maji kidogo, nikajiambia hiyo ndiyo huruma. Sikumtazama usoni. Nilijiambia pia kwamba nikishapata barua nitasema, kwamba mwalimu kamili atasikilizwa kuliko mwanafunzi, na mengine ya namna hiyo, ambayo nimeyasikia tangu hapo kutoka kwa wanasiasa wa kila chama. Njiani kurudi Abdala aliniketisha mbele karibu naye kwa sababu nilikuwa natapika. Kisha akasema kwamba habari za yale maji zinajulikana soko zima, hadi Nyakiyumbu watu wanacheka. Nikamuuliza kwa nini yeye hajamwambia Mwalimu Erisa. Akajibu kwamba yeye si mwanachama. Alilisema hilo bila ubaya, na akanipa tangawizi ya kutafuna.

Kabla ya mgeni kuja tulifanya mazoezi. Ili picha itoke vizuri Mwalimu Erisa alimchagua mvuna chumvi mmoja wa kuoshwa mbele ya mgeni, na alimchagua Masereka, kwa kuwa kidonda chake kilionekana kwa mbali. Akanichagua mimi kumwosha, kwa kuwa nilikuwa nimemzoea. Jumamosi tatu mfululizo tuliurudia uoshaji ule, kila siku mara mbili na tatu, mguu ndani, mguu nje, Mwalimu Erisa amesimama mahali mpiga picha atakaposimama, akitusogeza kushoto na kulia. Masereka aliutoa mguu wake kila alipoambiwa. Mazoezi ya tatu ngozi ya kisigino ilikuwa imekuwa nyeupe, laini, na kidonda kilikuwa kimepanuka hadi upande wa vidole. Siku ya mgeni nilipiga magoti, nikalishika beseni la maji kwa mikono miwili. Nilikuwa nimedhamiria, safari hii kweli, kuyamwaga yote na kusimama. Mzungu alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, na Mwalimu Erisa nyuma yake na leso zote mbili mkononi. Masereka akanong'ona, "Osha tu. Wageni wanaangalia." Nikaosha. Mpiga picha alifanya kazi yake. Mgeni alisema jambo jema juu ya vijana wa Afrika, tukanywa chai yenye sukari na maandazi, na wiki hiyo hiyo Mwalimu Erisa akaniita chumbani kwake, chumba chenye harufu ya wino na ndizi mbivu, akanipa barua yangu, nzuri kuliko nilivyotarajia. Ilisema kwamba mimi ni msikivu.

Jumamosi mbili zilizofuata Masereka hakuja bandani. Jumamosi ya tatu wanawake waliniambia yuko hospitali, amekatwa vidole viwili. Mguu ulioza Jumatatu moja baada ya nyingine, maana kijaruba chake kisingemngoja na yeye hakuwa na mwana wa kuingia badala yake. Habari hizo zilisomwa stoo. Nikodemu alipendekeza tusimame kwa dakika moja, tukasimama. Mwalimu Erisa alisema ni majaribu. Muhula uliofuata chama kiliacha kwenda Kabatoro. Walianza kufagia soko la Bwera, ambako angalau wenye soko walikuwa na midomo na waliitumia. Hakuna aliyesema ni maji. Sidhani kama walijua na kuficha, ila Nikodemu, ambaye nilimwambia mwenyewe nyuma ya bwalo siku ile ile, naye akaniambia kwamba shetani huwatumia wenye mashaka. Hawa ndio watu waliopigiwa makofi mwezi uliopita. Najua ni wazee sasa na wana magonjwa ya sukari, na najua dharau si tunda la roho. Ninayo hata hivyo, na sitaificha katika kitabu ninachokiandika mwenyewe.

Muhula ulipokwisha nilimwomba Abdala anichukue Kabatoro peke yangu. Nilikuwa na kopo la samli nililolinunua sokoni. Nilimkuta Masereka ameketi kando ya kijaruba chake, mguu umefungwa kitambaa, anapanga mabonge ya chumvi kwa mkono huku jirani akimvunjia. Mkewe alinikaribisha, akaniwekea bundu, ule ugali wa muhogo, na sombe, majani ya muhogo ya kutwangwa, na samaki mdogo wa kukaushwa. Tulikula kwenye sahani moja. Nikaanza kusema kabla hatujamaliza kula, nikasema vibaya, nikianza na mwisho. Nikamwambia kwamba nilijua. Kwamba tangu siku ile nilijua maji yanamuumiza, na sikumwambia mtu kwa sababu nilitaka barua, na barua ninayo.

Masereka alimalizia tonge lake. "Ni miye nilikuambia," akasema. "Sasa unakuja kuniambia nini?"

Mkewe akachukua sahani akaondoka.

"Kila Jumamosi nilikuwa nangoja," akasema. "Nakuona unashuka mu lori, nasema, leo mutoto amesema. Halafu naona beseni. Nasema basi, Jumamosi ingine."

Nikamuuliza kwa nini hakukataa. Wengine walikataa, ingekuwa rahisi kabisa kubaki nyumbani. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayemlaumu, nami nafikiri nilikuwa namlaumu kweli, maana angekataa mimi nisingekuwa na kosa.

"Nikikataa, wewe hautarudi," akasema. "Na miye nilikuwa nakungoja."

Hakulisema kwa utakatifu wowote. Alikuwa amekasirika, na kisha akaniambia nisogee, nimekalia chumvi yake. Samli aliichukua, akaifungua, akainusa, akasema wamenipunja. Halafu akanionyesha kwa kidevu kijaruba na mtaimbo wa jirani, ambaye alikuwa amepumzika. Nikavua viatu. Nilikuwa na mkwaruzo mdogo tu wa kucheza mpira juu ya kidole gumba, kitu cha kusahaulika. Nilipoingia majini chumvi ilinipanda hadi kwenye meno. Nilitaka kutoka, na Masereka alikuwa ananitazama kuona kama nitatoka, kwa hiyo nikavunja chumvi hadi Abdala alipopiga honi. Humo ndani ya maji, nikilia bila aibu kwa sababu wote mle hutokwa machozi kwa mvuke wa ziwa lile, niliomba. Nilikuwa nimesali maelfu ya mara, na ile ilikuwa mara ya kwanza niliyokuwa na jambo la kumwambia Mungu na hofu kwamba yuko.

Barua niliitumia. Nataka hili lijulikane, kwa kuwa katika vitabu vya namna hii mwandishi huichana barua, au huitupa ziwani. Mimi niliipeleka chuoni, nikapokelewa, nikafundisha hadi nilipostaafu, na kila mshahara wangu ulipitia kwenye mguu ule. Masereka alifariki mimi nikiwa mwaka wa pili chuoni. Abdala ndiye aliyenitumia habari. Makanisa nimeyabadili mara mbili, na kwa miaka kadhaa sikuwa na lolote. Mahubiri hayanigusi. Nikimsikia mtu anaeleza kwamba Mungu ni mkuu, kwamba ni mwenye enzi, nakubali tu kwa adabu. Mimi nilionyeshwa Mungu aliye mbele yako na mguu wake majini, ambaye amekwisha kukuambia, na anautoa mguu tena ili urudi. Kila asubuhi nasema maneno yale yale niliyoyasema ziwani, kwa sababu sijapata siku hata moja ambayo hayanihusu: Umeniambia. Nimesikia. Usichoke kuningoja.